Je, chombo chaweza kufika kwenye nyota ya jirani?

SWALI: Mhariri, nasoma kwamba chombo cha Voyager 1 kimekwisha kuivuka mipaka ya upepo wa Jua. Ni lini basi tutapeleka kingine kwenye nyota iliyo karibu nasi? Tatizo ni fedha, au jambo lenyewe haliwezekani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Fedha ni tatizo, ila si la kwanza. Ukiliacha Jua, nyota iliyo karibu kuliko zote ni Proxima Centauri, iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.24, yaani kilomita trilioni 40 hivi. Yenyewe haionekani kwa macho matupu, lakini jirani zake mbili za Alpha Centauri, zinazoonekana kama nyota moja yenye kung'aa sana, utaziona hapo Morogoro usiku wa Mei au Juni ukitazama kusini, karibu na Msalaba wa Kusini. Voyager 1, iliyorushwa mwaka 1977, huenda kilomita 17 kwa sekunde. Kama ingeelekezwa huko, ingechukua zaidi ya miaka 70,000.

Kazi iko kwenye kuongeza kasi, kwa sababu kasi ikizidi mara 10, nishati inayotakiwa huzidi mara 100. Ili chombo cha tani 1 kifikie sehemu ya kumi ya kasi ya nuru na kufika baada ya miaka 42, kingehitaji nishati ambayo bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo yake yote 9 ikizalisha megawati 2,115 usiku na mchana, lingeitoa kwa karibu miaka 7, na hapo hatujahesabu ya kufungia breki. Roketi nayo, kwa kuwa hubeba mafuta yake, hutumia sehemu kubwa ya nguvu kuyasukuma mafuta hayohayo.

Ndiyo maana mradi wa Breakthrough Starshot, uliotangazwa mwaka 2016, ulifuata njia ya jahazi: chombo cha gramu chache chenye tanga, kinachosukumwa na miale ya leza kutoka ardhini hadi kufikia asilimia 20 ya kasi ya nuru. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia pekee inayokaribia kuwezekana, ingawa leza hiyo ingehitaji takriban gigawati 100, na tanga lisiungue. Tena chombo hicho hakina namna ya kusimama. Kwa kasi hiyo, umbali wa kutoka hapa hadi Mwezini hukatwa kwa sekunde 6 na ushei, kwa hiyo kingeipita sayari yoyote ya huko kikiwa na nafasi ya kupiga picha chache tu, kisha tungezisubiri kwa miaka 4 na zaidi, kwa kuwa nazo zingetujia kwa kasi ya nuru tu.