Umepangiwa Kazi Makete? Jiandae Kabla ya Novemba

Kila orodha ya ajira mpya inapotangazwa, mimi hupigiwa simu na vijana waliopangiwa Wilaya ya Makete, mkoani Njombe, na karibu wote huanza na swali moja: baridi ya huko ikoje? Huwajibu kwamba baridi ipo, tena ni kali, na kati ya Juni na Agosti wataamka wakute nyasi zimeganda kwa jalidi. Hata hivyo baridi ina dawa yake, nayo ni blanketi zito, soksi za sufu na jaketi zuri la mtumba. Kinachoamua kama mtumishi ataishi vizuri katika vijiji vya juu, hasa vile vya pembezoni mwa uwanda wa Kitulo ambako nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, ni barabara, na barabara yenyewe iko mikononi mwa mvua.

Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, mara nyingine Mei. Lami ya kutoka Njombe hadi makao makuu ya wilaya imeleta nafuu kubwa, lakini ukiiacha na kushika njia ya kijijini utakutana na udongo mweusi wa asili ya volkano, ambao ukilowa huteleza kiasi kwamba Fuso lililobeba viazi linaweza kukwama na kuifunga njia kutwa nzima. Upande wa Chimala, barabara inayopanda kwenda Matamba ina kona zinazohesabiwa kuwa 57, na siku ya mvua na ukungu sishauri mtu yeyote apande bodaboda hapo, hata akiwa amechelewa kazini. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa kuliko yote, ni huu: fanya shughuli zako zote zinazohitaji gari kabla Oktoba haijaisha. Mchele, mafuta ya kupikia, sukari, sabuni, betri za tochi, na dawa unazotumia kila siku kama unazo, viwe vimeshafika nyumbani. Usitegemee duka la kijijini, kwa sababu mwenye duka naye anaisubiri barabara hiyo hiyo.

Kuni zinahitaji maelezo zaidi, maana wageni wengi huzidharau. Zinunue mwezi wa saba au wa nane, upasue, uzipange mahali penye paa ili upepo wa kiangazi uzikaushe. Utashawishika kununua misindano, yaani miti ya paini, kwa kuwa imejaa kila mahali, lakini huwaka upesi, hutoa moshi mwingi na haiachi makaa. Miwati ni bora kwa mbali. Utazihitaji kuni nyingi kuliko ulivyozoea, kwani kwenye kimo cha mita 2,600 maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 91 hivi, si 100, na ndiyo sababu maharage hukaa jikoni muda mrefu. Yaloweke usiku kucha, au pika njegere mbichi na viazi mviringo kama wafanyavyo wenyeji.

Kuhusu jiko la mkaa nasema bila kupunguza neno: usilale nalo chumbani. Nyumba za baridi huzibwa kila upenyo, na hewa yenye sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala haimwamshi aliyelala. Ota moto jikoni mlango ukiwa wazi, kisha jiko libaki nje unapokwenda kulala, hata kama makaa yanaonekana kufifia.

Malaria ni chache huku juu, na wapo wanaodhani kwamba wameachana nayo kabisa. Lakini mtu wa Kitulo akishuka Chimala au bonde la Usangu kununua mchele, hulala kwenye mbu, na mwili uliokaa miaka bila kuguswa na ugonjwa huo hulemewa haraka. Shuka na chandarua, na ukipata homa baada ya kurudi, kapime. Usiseme ni mafua ya baridi. Mjamzito naye asisubiri uchungu umkute kijijini katika miezi ya matope. Ahamie mapema kwa ndugu anayeishi karibu na hospitali, iwe Ikonda, Bulongwa au penginepo, wiki kadhaa kabla ya tarehe yake.

Sasa niseme juu ya watu, kwa sababu hapa ndipo mtumishi hufanikiwa au hushindwa. Wakinga, wenyeji wa Makete, ni wafanyabiashara hodari, na vijana wengi huondoka kwenda Mbeya, Makambako na Dar es Salaam kutafuta mtaji. Juu ya hilo, Ukimwi uliondoa wazazi wengi katika vijiji hivi, na hata katika utafiti wa mwaka 2022 na 2023 Njombe iliongoza nchini ikiwa na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima. Kwa hiyo mwalimu ukiita mkutano wa wazazi, tarajia kuwaona akina bibi. Wasalimie kwa heshima ya bibi zako, zungumza taratibu, na usiwaite asubuhi wakati wako shambani. Michango ya shule isitangazwe Januari, wakati fedha yote imezikwa ardhini kama mbegu na mbolea. Itangazwe viazi vinapouzwa. Nimeona mchango ule ule ukilipwa kwa moyo mweupe au ukizua manung'uniko kwa sababu ya mwezi tu. Mtoto anayekuja bila sweta mwezi wa saba usimrudishe nyumbani kwa kosa la sare. Mruhusu avae koti lolote alilo nalo.

Kodi kipande cha shamba nawe ulime viazi. Si kwa ajili ya faida pekee, ingawa ipo usipokubali kuuza kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, bali kwa sababu jirani aliyekuonyesha namna ya kupanda hatakuacha ukiwa mgonjwa peke yako. Misibani nenda mapema, na ubebe maji au kuni kama wengine.

Weka fedha taslimu kidogo nyumbani, kwa kuwa wakala wa fedha za simu wa kijijini huishiwa floti, yaani fedha za kuwapa wateja, mwisho wa mwezi, watumishi wote wanapotoa mishahara kwa pamoja.

Ndugu zako watataka kuja kuona maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ambayo wengi huiita Bustani ya Mungu. Maua huchanua wakati wa mvua, kwa hiyo hutaweza kuwaambia waje kiangazi. Waambie wapite Njombe, walale Makete mjini, kisha wapande asubuhi kwa gari lenye uwezo wa kupita matopeni, na wasishawishike kununua chikanda, chakula cha mizizi iliyosagwa, kwani mizizi hiyo huchimbwa kutoka kwenye okidi zile zile walizokuja kuziona.