Ile klipu ya samaki wa Mto Mara

SWALI: Habari dada. Mimi nauza sato wa kukaanga hapa Musoma. Juzi kwenye grupu la ukoo kuna mtu karusha klipu, maji meusi, samaki wamekufa wanaelea, na voisi juu yake eti tusiguse samaki wiki nzima. Wateja wakaniruka, beseni zima tukala na wanangu. Ndo kijana wangu ananiambia mama hiyo ni ya 2022! Sasa nitajuaje? Na ile ya 2022 ilikuwa sumu au mavi ya ng'ombe?
Mama Sato

JIBU: Pole mama, beseni zima si mchezo. Kijana yuko sahihi, ile ni Machi 2022, Mto Mara uligeuka rangi samaki wakafa, na kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samuel Manyele ikaja na jibu kwamba ni kinyesi na mkojo wa mifugo, vimeozea majini, oksijeni ikaisha. Weee, mitandaoni ilikuwa vicheko tu, maana ng'ombe wamekunywa mto ule tangu enzi za mababu. Ila mavi kuua samaki ni kitu cha kweli, upande wa Kenya wanasayansi waliandika 2018 kwamba viboko wanajaza kinyesi kwenye madimbwi, mvua ikipiga kinasombwa chote na samaki chini huko wanakosa hewa.

Waliocheka nao siwalaumu. 2009 watu wa Nyamongo, kule Tarime, walilia na maji ya mgodi wa dhahabu kuingia Mto Tigithe, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kilichoniudhi mimi ni utani kumeza maswali, watu wakabaki na mkojo mkojo, wachache sana waliuliza maji yalichotwa wapi, siku ya ngapi, yakapimwa zebaki, ile sumu ya kusafishia dhahabu, kiasi gani.

Klipu ikija muulize aliyerusha, umeipiga wewe? lini? wapi? Akisema "nimetumiwa tu" basi. Halafu waulize wavuvi kuhusu kamongo, yule anavuta hewa ya juu, wengine wakifa yeye akabaki anadunda kuna uwezekano ni oksijeni imeisha majini, ila wakifa mpaka na vyura kaa mbali na hayo maji. Na samaki aliyeokotwa anaelea usimuuze hata kwa bei ya kutupa.

Kesho alfajiri ukienda mwaloni toa simu, mpige sato akiwa bado anarukaruka, taja tarehe kwa sauti yako, kisha rusha kwenye grupu lilelile.