Pampu ya Bwawa Inapovuta Hewa

SWALI: Pampu ya bwawa letu la kuogelea inanguruma kupita kawaida, mapovu yanatoka kwenye matundu ya kurudishia maji, na majani yanaelea bila kuvutwa na skima (tundu la ukingoni linalovuta maji na uchafu wa juu), ingawa kikapu chake nimekisafisha. Nianzie wapi?

JIBU: Dalili hizo zinaonyesha kwamba pampu inavuta hewa pamoja na maji. Tazama kwanza kina: maji yanapaswa kufika katikati ya mdomo wa skima, kwani yakishuka chini ya hapo hewa huingia moja kwa moja. Hakikisha pia kilango kinachoelea mdomoni mwake hakijakwama.

Kina kikiwa sawa, zima umeme kwenye swichi kuu, fungua kifuniko cha pampu, safisha kikapu cha ndani (wengi hukisahau hiki), kisha uchunguze kwa makini mpira wa kuzibia, kwa sababu chembe moja ya mchanga au ufa mwembamba kama unywele hutosha kupitisha hewa. Ukiwa mzima, ufute na kuupaka grisi ya silikoni. Grisi iliyotengenezwa kwa mafuta ya petroli huweza kuuharibu. Jaza maji kwenye chungu cha pampu (sehemu inayokaa kikapu hicho cha ndani) kabla ya kuiwasha.

Mapovu yakiendelea, mwagia maji kila kiungo cha bomba kati ya skima na pampu: kiungo ambacho kikimwagiwa maji, mapovu hupungua ndicho kinachovuja. Tafadhali usiiache pampu ikizunguka bila maji, kwani sili yake (kizibo kinachozuia maji kuvuja kwenye mhimili unaozunguka) huungua upesi.