Kabla hujaiandika namba, uliza aliyeibadilisha alikuwa ameshika nini

Juzi kijana anayejifunza kazi kwetu hapa Moshi alinijia na bodi mkononi. "Kaka, hii 0x41 niiandike kwenye mti wa vifaa au kwenye faili ya mipangilio ya programu?" 0x41 ni anwani ya sensa, na mti wa vifaa (device tree) ni faili inayoiambia Linux, mfumo unaoendesha mashine, vifaa gani vimefungwa ndani. Swali ni dogo, ila mimi jibu lake lilinigharimu pampu iliyokaa imezimika huko Machame, kwa hiyo nilimketisha kwanza.

Tunatengeneza visanduku vya kuangalia umeme wa sola kwenye pampu ndogo za maji. Ndani kuna Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, na sensa ya INA219, ambayo hupima mkondo kwa kusoma volti kidogo sana kwenye rizista moja. Chipu yenyewe haijui rizista hiyo ni ya ukubwa gani. Inasoma volti, basi. Kugawanya ni kazi ya draiva, programu ndogo inayoongea na chipu, na draiva haina macho ya kusoma maandishi kwenye bodi, lazima iambiwe. Bodi zetu za kwanza zilikuwa na R010, yaani miliomu 10. Nyingi zinazouzwa madukani zina R100, miliomu 100.

Namba hiyo niliiweka kwenye faili ya maandishi, pamoja na mengine yote: namba ya simu ya mwenye shamba, muda wa kutuma taarifa, kiwango cha kupiga kengele na kukata umeme. Nilijiona mwerevu, maana fundi yeyote angeweza kuirekebisha bila kunipigia. Bodi ya Machame ikaungua. Fundi akafunga mpya yenye R100, akanakili faili ya zamani kama ilivyo, akateremka zake. Pampu inayokula ampea 2 ikasomeka inakula 20, programu ikadhani imekwama, ikaikata. Kesho yake mama mwenye shamba akapiga simu: ng'ombe hawajanywa. Nilijibu "Shikamoo mama, napanda sasa hivi," nikatafuta bodaboda.

Niliporudi nikafanya kosa la upande wa pili. Nikahamishia kila kitu kwenye mti wa vifaa, hata muda wa kutuma taarifa, nikajitungia na sifa (properties, yaani mistari ya maelezo) zangu mwenyewe ndani ya draiva. Kiangazi kilipofika, mama yule yule akataka taarifa kila dakika 5 badala ya 30. Kwa ombi hilo tu ilinibidi nikompaili faili upya, niipeleke, na niwashe mashine upya. Aibu.

Siku hizi najiuliza jambo moja. Namba hii ikibadilika, aliyeibadilisha alikuwa ameshika nini? Kama alishika chuma cha kulehemu au bisibisi, namba ni ya mti wa vifaa. Kama alishika simu, ni ya programu. Rizista ni ya chuma cha kulehemu. Kwenye Linux inaandikwa kwa sifa ya shunt-resistor, kwa maikroomu, kwa hiyo R100 ni 100000. Usipoiandika, draiva ya ina2xx inachukua miliomu 10, na ukiwa na R100 utaangukia shimo lile lile nililoangukia mimi bila hata kunakili faili ya mtu.

Unaweza kutamani ingekuwa kigezo cha moduli, yaani namba inayopewa draiva nzima wakati wa kuipakia. Ukiwa na sensa moja ungedhani inatosha. Ukiwa na mbili, moja ya pampu na moja ya paneli, kigezo kimoja kingezivaa zote, wakati mti wa vifaa unaipa kila sensa mstari wake. Dunia ya ARM, aina ya prosesa iliyo kwenye Raspberry Pi na simu nyingi, nayo ilihamia kwenye mti wa vifaa. Mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika waziwazi jinsi kerneli, kiini cha Linux, ilivyojaa msimbo wa bodi moja moja, na maelezo ya bodi yakaanza kutolewa nje.

Penye utata ni kasi ya I2C, njia ya waya ambayo Pi na sensa huongea. Shamba moja tulilazimika kuvuta waya mrefu hadi kwenye sensa, na kwa kilohezi 400 mawasiliano yalikatika ovyo. Nikashusha hadi 100. Kasi hiyo inatofautiana shamba hadi shamba, kwa hiyo ungedhani ni mipangilio ya mteja. Hapana. Waya ni sehemu ya mashine, na aliyeuvuta alishika bisibisi. Chaji ya betri nayo ina sura mbili: kikomo ambacho betri haiwezi kukivuka kinakaa kwenye mti wa vifaa, na kiasi anachotaka mwenye betri, chini ya kikomo hicho, kinakaa kwenye programu. Usimpe mtu mwenye simu uwezo wa kuvuka kikomo. Atavuka, tena usiku.

Kijana akauliza tena, sasa 0x41 inakaa wapi? Nikamwambia ageuze bodi, aangalie pale palipoandikwa A0, panapoamua anwani ya sensa, kama nukta mbili zimeunganishwa. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa zimelehemiwa.