Mkuu, hilo chujio la maji la mtumba liache hapohapo lilipo

Usilinunue. Hata akishusha kutoka elfu hamsini na tano hadi elfu kumi, usilinunue.

Swali lako nimelisoma lote. Siku saba Mlima Kenya mwezi Agosti, mnapandia njia ya Sirimon na kushukia ya Chogoria, mnajipikia wenyewe, na hujui uchukue chujio la kubana (lile unalifunga kwenye chupa laini ya maji na kuibana), la pampu au ile taa ya UV ya kuua vijidudu kwenye maji, na kila moja lina uzito gani. Nilishaanza kukujibu vizuri tu, nikafika kwenye mstari wako wa mwisho: "kuna jamaa Moshi ana la kubana la mtumba, liliachwa na mtalii, linapitisha maji kama bomba." Mkuu, mikono ilinitetemeka. Ni maneno yaleyale niliyoambiwa mimi. Kama bomba!

Mwaka juzi nilikuwa najiandaa na safari hiyohiyo, njia hiyohiyo. Nikaenda kwa muuza vifaa vya mlimani, vile ambavyo wageni wakishuka Kilimanjaro huwaachia wapagazi, na wapagazi nao wakiwa na shida ya hela huviuza. Mpagazi simlaumu hata kidogo, yeye kapewa zawadi na kauza mali yake. Ninayemlaumu ni yule muuzaji. Alijaza chupa, akafunga chujio mdomoni, akabana mbele ya macho yangu, maji yakaruka hadi kwenye viatu vyangu. "Ona kaka, jipya kabisa hili, mzungu kalitumia wiki moja tu." Nikamuuliza kama liliwahi kulala kwenye baridi. Nilimuuliza, mkuu, kwa mdomo wangu! Akacheka, akasema chujio si maziwa, haliharibiki kwa baridi. Nikalipa.

Sasa elewa kilichomo humo ndani, maana hapo ndipo nilipopigwa. Hayo machujio ya kubana yana kifungu cha nyuzi nyeupe nyembamba kama tambi, zimekunjwa na ncha zake zimegandishwa kwenye gundi ngumu. Kila uzi ni mrija mdogo, na ukuta wake una vitundu vya mikroni 0.1 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kijidudu cha giadia, kile cha kuharisha, kina mikroni 8 hadi 12, hakipenyi. Mwenzake wa kuharisha, kriptosporidiamu, ana 4 hadi 6, hapenyi. Bakteria nao wanabaki nje. Ni kifaa kizuri mno, chepesi, siku zote nitakisifu. Lakini uzi ukishalowa mara moja, utikise utakavyo, maji yanabaki ndani ya kuta zake. Usiku yakiganda yanatanuka na kuupasua. Asubuhi barafu inayeyuka, chujio linafanya kazi kama kawaida, tena linapitisha maji haraka kuliko jana, kwa sababu sasa maji yamepata njia ya mkato. Na giadia naye kaipata hiyohiyo.

Mtalii aliyelala kambi ya Karanga au ya Barafu kule Kilimanjaro na chujio kwenye mfuko wa pembeni wa begi, usiku kule maji ya kwenye chupa yanaganda, chujio litasalimika vipi? Usiku mmoja tu unatosha. Na waliolitengeneza wenyewe wanakwambia likiganda litupe, maana hutaliona tatizo kwa macho. Kuna aina chache ambazo unaelekezwa upulize hewa ili ujue kama nyuzi bado nzima, lakini hilo la jamaa yako usilikabidhi maisha yako kwa pumzi.

Nilikwenda na mdogo wangu wa kike, ana miaka 19, ndiyo kwanza kamaliza kidato cha sita. Hakuwahi kupanda mlima wowote, mimi ndiye niliyemshawishi. Pale kambi ya Shipton's, mita 4,200, tuliteka maji kwenye kijito, pimbi wamejaa kwenye mawe wanatuangalia, na vyoo vya kambi haviko mbali. Yeye ndiye alikuwa anakunywa sana, kwa kuwa nilikuwa namwambia kila saa, kunywa maji, kunywa maji, usipate ugonjwa wa mwinuko. Nilimchujia kila chupa kwa mkono wangu. Tukafika kilele cha Point Lenana asubuhi, mita 4,985, akalia kwa furaha, nikapiga picha. Picha hiyo mpaka leo sijaiweka popote.

Siku ya tisa baada ya kurudi akaanza. Tumbo linanguruma, anabeua harufu ya mayai viza, choo kina mafuta na kinaelea. Zahanati ya kwanza wakasema taifodi, akapewa dawa za taifodi siku kumi. Hakuna kitu. Kilo zikapungua sita. Mimi nami nikaanza, kwa unafuu kidogo. Kipimo cha choo cha kwanza hakikuonyesha chochote, cha pili vilevile, cha tatu ndipo wakamwona giadia. Hawezi kuonekana kila siku, ndiyo maana ukipima mara moja usiridhike. Tukapewa dawa, tukapona, lakini yeye alishakosa wiki mbili za kwanza chuoni na jumla ya gharama ilizidi laki tatu. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani maji hamkuyachemsha?"

Chujio nililichukua nikalipitishia maji ya mfereji yenye tope baada ya mvua. Yakatoka yana ukungu. Chujio zima lingeyatoa angavu. Nikalikata kwa msumeno wa chuma, nikalimulika kwa tochi, nikazichambua zile nyuzi moja moja na kijiti cha meno. Zote nyeupe, zote zinafanana, sikuona hata ufa mmoja. Ndiyo maana nakwambia hakuna namna ya kulikagua kwa macho pale dukani, wala wewe, wala yule jamaa. Nilirudi kwake na vile vipande kwenye mfuko wa nailoni. Akasema nimelipasua mwenyewe. Pimbi wa Shipton's wana adabu kuliko yeye, wao wakikuibia mkate angalau hawakwambii ni mpya.

Kwa hiyo nunua jipya, lililo kwenye pakiti, halijawahi kulowa. Jikusanyeni watu wawili au watatu mchange. Likishalowa tu, kuanzia usiku wa kwanza lilale na wewe ndani ya slipingi begi, kwenye mfuko wa plastiki ili lisikuloweshe. Mimi sasa nalivaa kabisa, nalifunga kwenye soksi na kuliweka tumboni. Mchana wa baridi kali, mfuko wa ndani wa koti. Usilisahau kwenye ukumbi wa hema hata usiku mmoja. Ukilisahau na usiku ukawa wa barafu, asubuhi usijadiliane na mtu, lihesabu limekufa na mchemshe maji. Kwa mwinuko wa Shipton's maji yanachemka kwenye nyuzi joto 86 hivi, bado yanaua, yaache yatokote dakika tatu. Bebeni gesi ya ziada kwa ajili hiyo, maana ndiyo bima yenu.

Na chujio hata likiwa zima halizuii virusi, ni vidogo mno kwa hivyo vitundu. Karibu na kambi zenye watu wengi, ukishachuja tia dawa ya klorini, Aquatabs au WaterGuard, na usubiri nusu saa. Dawa peke yake bila kuchuja usitegemee, kriptosporidiamu haiogopi klorini. Tekeni maji juu ya kambi, juu kabisa ya vyoo, hata kama ni mwendo wa dakika ishirini na miguu imechoka.

Umeandika jamaa anataka kianzio kabla ya Ijumaa. Kama hujatoa, mwambie umeghairi. Kama umeshatoa, kidai leo, na akikataa kukurudishia, basi hiyo hela mwachie na chujio lake, usilichukue hata bure. Ukiwa na rafiki anayetaka kulinunua kwake, mwonyeshe ujumbe huu.