Maswali Yenu: Wageni Katika Mashamba ya Chai

*Nina ekari mbili za chai nje ya Fort Portal, Uganda. Kweli kuna mtu atakayelipa kuja kuitazama? (Mkulima, Kabarole)*

Wapo, ndugu yangu, na wanapita mlangoni pako. Wanaokwenda mbuga ya Kibale kuwaona sokwe hukatiza kwenye chai, husimamisha gari, hupiga picha, kisha huondoka bila kumwachia mkulima hata shilingi. Kutazama ni bure, kwa hiyo uza kazi yenyewe. Mvike mgeni kikapu, mfundishe kuchuma majani mawili na chipukizi, kisha afikiche kwa mikono yake. Majani huhitaji saa nyingi kunyauka, basi anika mengine siku moja kabla ili akifika aanze kufikicha mara moja. Chai yetu nyingi husagwa punjepunje kiwandani na kupigwa mnada Mombasa, na jina la kijiji hupotea njiani. Pakiti ya chai ya kufikicha kwa mkono itaondoka na jina lenu.

*Nauza chapati stendi. Hayo yananihusu? (Mama, Kyenjojo)*

Sana, mama. Pika karo (ugali wa ulezi) na firinda (maharagwe yaliyomenywa maganda), andika bei ubaoni, na choo kiwe safi. Mkopo wa kujenga vyumba vya wageni usubiri kwanza.

*Kampuni inataka kutuletea wageni. Tugawane vipi? (Katibu wa kikundi, Kabarole)*

Msianze na kampuni, anzeni na mchumaji. Yeye hulipwa kwa kilo. Kila dakika anayosimama kumweleza mgeni au kupigwa picha, kikapu chake hakijai. Hapo ndipo dhuluma huanzia, na mara nyingi hakuna anayeiona. Mtengeeni malipo yake kabla ya fungu la kikundi, na aulizwe kwanza kama anataka picha. Kisha nendeni Bigodi, kijiji kilicho kando ya Kibale, si mbali. Tangu 1992 chama cha wanakijiji ndicho kinachoongoza matembezi ya kinamasi, na mapato yamesaidia elimu ya watoto wao. Ombeni wawaonyeshe wanavyotunza hesabu. Kampuni ikikataa bei kuandikwa wazi kwenye mkataba, iacheni.

*Tunapakana na mbuga. Kuna fungu letu? (Mwenyekiti wa kijiji)*

Lipo. Kisheria, asilimia 20 ya viingilio vya mbuga hurudi kwa jamii zinazoizunguka, kupitia serikali za mitaa. Pelekeni ombi la mradi kwenye kata ndogo, mkiambatisha muhtasari wa kikao.