Jibu: Bergamasco anyolewe au asinyolewe?

Ndugu, umeuliza kama mbwa wako wa aina ya Bergamasco, aliyetimiza mwaka mmoja na ambaye manyoya yake ya mgongoni yameanza kushikamana, anyolewe. Nakushauri usimnyoe, kwani hayo ndiyo maumbile yake. Mbwa huyu wa kuchungia kondoo, ambaye asili yake ni milima ya Alps upande wa Italia, karibu na mji wa Bergamo, ana manyoya ya namna tatu: laini ya ndani yenye mafuta, magumu kama ya mbuzi, na mengine yanayofanana na sufu, yakichanganyikana hufanya mikanda bapa inayomkinga na baridi. Kazi yako ni kuyatenganisha kwa vidole, mkanda mmoja mmoja hadi karibu na ngozi. Utachukua saa nyingi na vidole vitauma, lakini baada ya hapo hubaki kukagua tu. Usimwogeshe mara kwa mara, maana hukauka polepole mno.

Kuhusu tabia, amezoea kujiamulia mambo akiwa mbali na mchungaji, hivyo ukali haumfai. Mwombe ushirikiano, usimwamrishe kama askari. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ufugaji wa kondoo ulipopungua, nusura mbwa hawa watoweke, na Mwitalia Maria Andreoli ni miongoni mwa waliowanusuru.

Yale manyoya yanayoning'inia machoni pia yaache, kwani humkinga na mwanga mkali wa theluji.